Nampeleka mama India: Delhi, Agra na Jaipur kwa gari binafsi na mwongozaji, au tupande treni tu?

parachichi_la_Tukuyu aliandika:

Wakuu za jioni. Naomba mawazo yenu maana hapa nyumbani tumebishana mpaka chai imepoa. Mdogo wangu anamaliza chuo India, yupo karibu na Delhi, mahafali ni mwezi wa 11 siku ya Jumatano, na mimi na mama tunaenda. Mama ana miaka 67, mwalimu mstaafu wa historia, na tangu nikiwa mdogo sebuleni kwetu kulikuwa na kalenda ya duka la Mhindi yenye picha ya Taj Mahal, mwaka wa kalenda ukaisha picha ikabaki ukutani hadi leo. Sasa kasema wazi kabisa kwamba kama anafika India alafu haioni ile nyumba nyeupe basi nauli tumrudishie yeye abaki Tukuyu na migomba yake.

Kuna wakala wa kule Delhi, marafiki wa mdogo wangu ndo wametuunganisha naye, katuma wasap paketi ya siku 5 usiku 4. Gari letu peke yetu watu watatu, dereva yuleyule mwanzo mwisho, na kila mji kuna mtu wa kutuongoza kwenye majumba na makumbusho (naogopa kuandika gaidi msije mkaniripoti). Siku ya kwanza Delhi, jioni tunasogea Agra kulala, siku ya pili alfajiri Taj Mahal kisha Fatehpur Sikri njiani kwenda Jaipur, siku ya tatu na ya nne Jaipur, ya tano tunarudi. Nimepiga hesabu, tukianza Alhamisi basi Taj inakuwa Ijumaa alfajiri, Jumatatu tumerudi Delhi. Bei dola 540 kwa wote watatu, hoteli na chai ya asubuhi ndani yake.

Mdogo wangu anasema tunaibiwa, tupande treni tufike wenyewe, historia ipo kwenye simu. Mama anasema yeye kafundisha miaka 30, hataki kusoma simu, anataka mtu wa kumuuliza maswali. Mi nipo katikati na ndo mlipaji. Halafu magoti ya mama siyo yale ya zamani, ngazi nyingi hawezi. Mliowahi kufika mnasemaje, hiyo bei ni sawa? Na mwongozaji kila mji kweli ana faida au ni mtu wa kutembea mbele yetu ameshika mwavuli tu?

---

Jobless_wa_Mwanjelwa:

Dola 540 kwenda kuangalia kaburi la watu. Hiyo si miche mia kadhaa ya parachichi hiyo?

---

parachichi_la_Tukuyu:

Mkuu miche ipo shambani tayari, ndo imelipa hii safari. Tuendelee.

---

Nesi_Mstaafu_Ilula:

Mwanangu, kabla ya yote rudi hapo ulipoandika Ijumaa alfajiri. Taj Mahal Ijumaa IMEFUNGWA, kila Ijumaa, wanafungulia wanaoswali tu mchana kwenye msikiti wake. Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu yalinikuta.

Nilimpeleka mzee wangu Delhi kutibiwa, alipopata nafuu daktari akasema mkae siku kadhaa kabla ya kuruka, basi tukaona badala ya kukaa tunaangalia dari tukodi gari twende Agra tukaone. Tukaondoka saa 10 alfajiri, mzee kavaa koti lake la harusi za watoto, mimi kitenge kipya. Kufika tunaambiwa Ijumaa. Dereva alijua! Ila yeye alikodiwa kuendesha, siyo kusema, Kiingereza chake kidogo na Kihindi sisi sifuri, nadhani aliona hawa wazee wana shida zao wenyewe. Na kwa vile alikuwa na siku nzima ya kutuzungusha akatupeleka kwenye duka la mawe ya marumaru akaliita kiwanda, kijana pale anakwambia babu wa babu yake ndo walichonga Taj, tukanyweshwa chai mbili mbili, tukatoka na kisahani ambacho mpaka leo naweka sabuni.

Lakini sikiliza, siku haikuharibika. Ngome ya Agra Ijumaa iko wazi. Pale getini tukachukua mzee mmoja mwongozaji, ana kitambulisho kashona mfukoni, akatupeleka polepole kwa mwendo wa mzee wangu. Nilikuwa najua Shah Jahan alimjengea mkewe Mumtaz Mahal lile kaburi baada ya kufariki mwaka 1631 akijifungua mtoto wa 14 (mimi ni nesi wa wazazi, hiyo ya 14 iliniuma kuliko uzuri wa jengo). Nilichokuwa sijui ni kwamba mwanae wa kiume, Aurangzeb, alimnyang'anya ufalme akamfungia ndani ya ngome hiyohiyo kuanzia 1658 mpaka akafa 1666. Miaka nane. Yule mwongozaji akatupeleka upande wa mtoni, kuna kibaraza cha mawe meupe kimechongwa maua, akanyamaza kwanza. Tunaangalia, ng'ambo kule kwa mbali ukungu unaondoka, ile Taj inatokea. Akasema kutokea huku ndo alikuwa analitazama kaburi la mkewe, haruhusiwi kwenda. Mzee wangu akatoa kofia. Sasa wewe mwambie mdogo wako simu yake itanyamaza vile wakati unaotakiwa?

Jioni tukaenda bustani ya Mehtab Bagh ng'ambo ya mto Yamuna, ukikaa pale unaiona Taj kwa nyuma jua likizama. Mzee akasema mbona hii inatosha. Basi tukarudi Delhi usiku.

Kwaiyo ushauri wangu: Ijumaa fanyeni ngome na hiyo bustani, mlale Agra, Taj Jumamosi alfajiri. Ngome Nyekundu ya Delhi nayo hufungwa Jumatatu, ila nyie mpo Delhi Alhamisi hamna shida.

---

Kijana_wa_Uyole:

Mi niko na mdogo wake. Kuna treni inaitwa Gatimaan Express, inatoka stesheni ya Hazrat Nizamuddin pale Delhi mpaka Agra Cantt kama saa moja na dakika 40 hivi, inafika spidi 160, wanakuletea na chakula kitini. Ukifika pale bajaji kibao, bajaji zilezile za Kabwe yaani mpaka rangi utaota uko nyumbani. Waongozaji wengi ni kukariri tu, mwaka huu mwaka ule, alafu mwisho dukani. Binafsi nilizunguka na bajaji nikaona kila kitu na hela ikabaki.

---

Mnyalu_wa_Kihesa:

Kamwene wote. Nimecheka hapo kwenye gaidi, sisi wenye kazi hiyo tumeshazoea kutaniwa. Mimi naongoza wageni hapa Iringa, India sijafika, ila biashara hii ni ileile popote kwaiyo nitaongea ya ndani kidogo na wenzangu wa kazi mnisamehe.

Kijana wa Uyole hajakosea, wakariri wapo. Lakini jiulize nani anamlipa. Paketi ikiwa rahisi kupita kiasi ujue kuna mtu mwingine anaijazia, na huyo mtu ni mwenye duka. Mgeni akinunua zulia au jiwe, dereva na mwongozaji wanapata komisheni yao, na pengine hiyo komisheni ndo mshahara wenyewe. Matokeo yake ni kwamba ngome ya miaka 400 unaimaliza dakika 40 na duka la mazulia unakaa saa mbili. Siyo roho mbaya ya yule kijana, ana watoto. Kwaiyo mkuu mwandikie wakala kwa maandishi kabisa: hatutaki duka lolote, wala kiwanda, wala ushirika wa akinamama, wala "dakika tano tu mwone wanavyofuma". Akikubali bei ikapanda, usinung'unike, ndo umeiona bei yenyewe ilivyo. Asipopandisha hata senti, hapo ndo uogope.

Alafu muulize vitu hivi: kiingilio cha kila sehemu kimo kwenye 540 au hakimo, mara nyingi huwa hakimo na mgeni analipa tofauti sana na mwenyeji. Ushuru wa barabara, paking, kodi ya gari kuvuka kutoka jimbo moja kwenda lingine, posho ya dereva kulala nje, vyote hivyo vimo? Mwongozaji ana leseni ya serikali yenye picha? Na ni wa huko huko mjini? Wa Agra akuongoze Agra, wa Jaipur Jaipur, usikubali dereva akajifanya yote mawili, akishika usukani tangu alfajiri hana historia ya kukupa mchana ni usingizi tu.

Kuhusu faida ya mwongozaji ngoja niseme kitu. Nikipeleka wageni Kalenga, hapo kilomita kama 15 kutoka mjini, wengi wanashuka kwenye gari wanauliza ngome iko wapi. Walisikia ngome ya Mkwawa, mtemi wa Wahehe, inaitwa Lipuli (siyo timu ya mpira, ngome kwanza timu baadaye), wakategemea ukuta kama wa kwenye sinema. Wajerumani waliipiga mizinga mwaka 1894 wakaibomoa, kilichobaki ni mabaki na nyumba ndogo ya makumbusho, ndani kuna fuvu kwenye kioo. Usipokuwa na mtu wa kukwambia unaangalia dakika tatu unatoka. Sasa nikianza kukusimulia Lugalo Agosti 1891, kamanda wa Wajerumani Zelewski na jeshi lake walivyovamiwa porini, alafu miaka ya kumwinda Mkwawa mpaka alipojipiga risasi 1898 ili wasimkamate hai, kichwa kikapelekwa Ujerumani, kikarudi 1954, hapo wageni wanarudi tena kwenye kile kioo wenyewe bila kuambiwa. Fuvu ni lilelile.

Mama yako mwalimu wa historia, akimpata mwongozaji mzuri watagombana kwa furaha siku tatu nzima. Mtafutie huyo.

---

Kijana_wa_Uyole:

Mnyalu umenimaliza. Ila bado treni ni bora kuliko barabara zao, foleni Delhi ni balaa.

---

Nilisoma_Jaipur (sasa Tunduma):

Habari wadau, Jaipur nimekaa miaka minne hivyo nitaongelea zaidi huko. Kwanza barabara: kutoka Delhi kwenda Agra kuna barabara ya kulipia, Yamuna Expressway, kilomita 165, imefunguliwa 2012, ni kama Mbeya na Makambako hivi ila hakuna matuta, hakuna malori ya Tunduma yamepaki katikati, wala hakuna Kitonga. Duara lote la Delhi, Agra, Jaipur, Delhi linakaribia Mbeya mpaka Dar, mnaligawa siku 5, mama hawezi kuchoka. Mnakuwa watatu na mmoja ana magoti, gari ndo jibu. Stesheni za India kuna madaraja ya ngazi kupanda na kushuka kila ukibadili jukwaa na umati wa watu, kijana wa Uyole ana miaka 24 haoni.

Fatehpur Sikri msiruke. Ni mji mzima wa mawe mekundu, mfalme Akbar, babu yake huyo Shah Jahan, aliujenga kuanzia 1571 alafu kabla haujafika hata miaka ishirini wakauhama. Majumba yapo tu, viwanja vitupu, upepo. Kuna lango kubwa la Buland Darwaza lina ngazi kali sana, mwambieni mwongozaji muingilie upande wa majumba ya kifalme mama asipande zile. Na pale nje vijana wanaokuja kujitolea kuwaongoza bure, bure yao mtaijua mkimaliza.

Jaipur sasa. Mji uliasisiwa 1727 na Jai Singh wa pili, mitaa imenyooka kama daftari la hesabu. Rangi yake ya waridi inayosifiwa ilipakwa 1876 kumpokea mtoto wa Malkia Victoria. Sasa mkiingia kasri la mfalme, City Palace, mtaona mitungi miwili ya fedha tupu, kila mmoja mrefu karibu kama mtu mzima na unabeba lita 4000. Yule mtoto wa malkia alipokuja kutawazwa kuwa mfalme Edward wa 7 mwaka 1902, maharaja Madho Singh alialikwa Uingereza, na yeye Mhindu wa imani kali hanywi maji ya ugenini, akabeba maji ya mto Ganga kwenye mitungi hiyo mpaka London. Mji mzima wakupakie rangi, alafu ukialika mtu anakuja na maji yake mwenyewe! Mimi hiyo stori nilimsikia mwongozaji mmoja akiwaambia Wafaransa, nikawafuata nyuma kimya kimya bila kulipa, wanafunzi tulikuwa tunafanya hivyo.

Hawa Mahal, ile yenye madirisha 953, ya mwaka 1799, watu wengi wanapiga picha barabarani wanaondoka. Ilijengwa ili wanawake wa ikulu waangalie sherehe za mtaani bila kuonekana. Mama akitaka apande tu, ndani wamejenga njia za mteremko badala ya ngazi kwa sehemu kubwa, anapanda taratibu. Pale sioni haja ya mwongozaji. Ila Jantar Mantar hapohapo jirani, ukiingia bila mtu wa kukueleza utadhani ni uwanja wa watoto wa kubembea, kumbe ni vipimo vya nyota na jua, saa ya jua kubwa pale ina urefu wa mita kama 27 na kivuli chake unakiona kinatembea kwa macho, karibu milimita moja kila sekunde. Mwongozaji atakwambia weka kidole, kivuli kinakupita. Nilifanya hivyo mara ya kwanza nikaishiwa maneno.

Ngome ya Amber iko juu ya kilima nje kidogo ya mji. Magoti ya mama pale ndo shida, msipande kwa miguu, kuna jipu za kukodi zinafika karibu na geti la juu. Tembo achaneni nao, wanateseka. Ndani kuna chumba cha vioo, Sheesh Mahal, mwombe mwongozaji awaoneshe mwanga mmoja mdogo unavyotapakaa dari lote.

La mwisho na muhimu kuliko hayo majumba yote: mwezi wa 11 hewa ya Delhi ni mbaya. Wakulima wa mikoa ya jirani wanachoma mabua, moshi wa magari, baridi inaukandamiza chini, kuna siku jua unaliangalia kama yai. Mama katoka Tukuyu kwenye mvua na hewa ya migomba, kifua kitashangaa. Bebeni barakoa nzuri siyo zile za bluu, na kama ana pumu aonane na daktari kabla. Na mtu wa vito Jaipur akikwambia umbebee mawe ukamuuzie nyumbani faida mgawane, kimbia. Mwanafunzi mwenzetu mmoja alilipa ada ya muhula kwa mawe ambayo Kariakoo waliyaita vioo.

---

parachichi_la_Tukuyu:

Ndagha fijo wote, sijategemea majibu haya. Bibi wa Ilula Mungu akubariki, hiyo Ijumaa ingenifanya nikanyagwe na mama mbele ya watu wa mataifa. Nimeuliza wakala, kajibu eti yeye kaandika siku ya pili, hakuandika Ijumaa. Sawa.

Mpango mpya: Alhamisi Delhi, na mama kaomba kaburi la Humayun (baba yake huyo mfalme Akbar) badala ya kukimbizana kote, tunalala hukohuko. Ijumaa ngome ya Agra na bustani ya ng'ambo. Jumamosi alfajiri Taj kisha Fatehpur Sikri, usiku Jaipur. Jumapili yote Jaipur, Jumatatu asubuhi Amber kwa jipu alafu tunarudi.

Mnyalu nilifanya ulivyosema, nikaandika hakuna duka, hakuna kiwanda, hakuna ushirika. Akakaa kimya siku nzima. Jana kajibu, bei imepanda mpaka 610. Hapohapo nikajua 70 nzima ilikuwa inalipwa na mazulia. Viingilio kasema havimo, Taj peke yake mgeni ni rupia 1100 na 200 juu yake kuingia kaburini ndani, mara watatu inaingia dola 45 hivi. Mdogo wangu kanuna ila kakubali kwa sharti kwamba kurudi chuo yeye apande treni.

---

Mnyalu_wa_Kihesa:

610 safi. Beba na tipu ya dereva pembeni, mpe siku ya mwisho mkononi, usimpe wakala ampe.

---

Nesi_Mstaafu_Ilula:

Mama avae viatu vya kuvua kirahisi. Kule kaburini wanakupa soksi za kufunikia viatu, ila kuinama inama na magoti hayo siyo vizuri. Na kutoka paking mpaka getini kuna vigari vya betri, msione aibu kupanda. Chakula msiingie nacho, wanakagua mabegi kila kitu.

---

parachichi_la_Tukuyu:

Sawa bibi. Kuna kitu kingine, msicheke. Mama kaitoa ile kalenda ukutani leo, kaikunja kaiweka kwenye bahasha ya kaki, anasema anaenda nayo asimame palepale aliposimama mpiga picha. Getini watamruhusu?

---

Nesi_Mstaafu_Ilula:

Karatasi tu hawana shida nadhani. Aiweke kwenye mkoba mdogo.

---

Jobless_wa_Mwanjelwa:

Kalenda ya mwaka gani hiyo mkuu?

---

parachichi_la_Tukuyu:

1984. Umebaki mwezi wa 12 tu.